Redio ya Bondeni Haijaharibika



Mwezi huu siandiki juu ya mbolea wala mbegu. Naandika juu ya mawimbi. Naanza kwa kukiri kosa langu.

Siku moja nilikuwa na mkutano wa wakulima wa viazi huku milimani kwetu Lushoto. Mvua zilikuwa zimezidi. Redio ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua kubwa zinakuja. Wakulima wa juu mlimani walisikia, wakapiga dawa ya ukungu. Wakulima wa bondeni hawakupiga. Majani ya viazi vyao yaliungua kama yamemwagiwa maji ya moto. Mimi nikawagombeza mbele ya watu. Nikasema, "Redio mnazo, lakini hamsikilizi!"

Bibi mmoja akasimama. Akasema, "Bwana shamba, mwanangu, njoo ulale kwetu uisikilize mwenyewe hiyo redio."

Nikaenda, nikalala. Redio ilikuwa na betri mpya, tena ni mara ya pili mwezi ule kununua betri. Ilitoa sauti ya mafuta yanayochemka tu. Asubuhi tulipanda nayo kilima. Tulipofika juu, penye mikaratusi, ikaanza kusema vizuri kabisa. Nilimwomba bibi radhi. Redio yake ilikuwa nzima. Mlima ndio uliozuia mawimbi.

Sasa wimbi ni nini? Nenda kwenye bwawa la kumwagilia. Weka jani kavu juu ya maji, kisha tupa jiwe kando yake. Utaona duara zinatoka na kwenda mpaka ukingoni. Lakini jani halisafiri nazo. Linapanda na kushuka, linabaki karibu pale pale. Basi maji hayakusafiri. Kilichosafiri ni ule mtikiso. Wimbi ni mtikiso unaosafiri.

Katika bwawa wimbi linakwenda mbele, na maji yanapanda na kushuka. Sauti ni wimbi la namna nyingine. Fikiri foleni ya watu mbele ya zahanati. Wa mwisho akisukumwa, atamsukuma wa mbele yake, naye mwenzake, mpaka mlangoni. Kila mtu anarudi mahali pake, lakini msukumo umefika. Ndivyo hewa inavyobeba sauti yako. Pasipo hewa, wala maji, wala kitu kingine cha kusukumwa, hakuna sauti.

Mwanga na mawimbi ya redio hayahitaji hewa. Mwanga wa jua unatufikia kwa kupita mahali patupu. Tena unakwenda mbio sana, kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Sauti ni mzee mwenye mkongojo, mita 340 tu kwa sekunde. Kwa hiyo radi ikipiga, unaona mwanga kwanza, ngurumo inafuata. Anza kuhesabu sekunde pale unapoona mwanga. Kila sekunde tatu ni karibu kilometa moja. Ukisikia ngurumo kabla hujafika 30, acha jembe, ingia nyumbani. Usijifiche chini ya mti. Najua mvua ya Usambara huja ghafla na mti uko karibu, lakini mti mrefu ndio unaopigwa.

Wimbi likigonga ukuta hurudi. Piga kelele ukielekea mwamba wa ng'ambo ya bonde. Sauti ikirudi baada ya sekunde mbili, mwamba uko mita 340 kutoka kwako, kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Huo ndio mwangwi. Watoto wetu wanaucheza kila siku bila kujua kwamba wanapima bonde.

Turudi bwawani. Simamisha kijiti majini, kisha tupa jiwe. Wimbi linakizunguka kijiti na kuendelea. Lakini nyuma ya jiwe kubwa maji hutulia. Tazama umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa wimbi linalofuata. Huo ndio urefu wa wimbi. Wimbi refu huzunguka kizuizi kwa urahisi. Wimbi fupi hukatwa.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza juu ya malaria na vyoo. Radio Tanzania ilitumia mawimbi ya kati na mawimbi mafupi. Watangazaji wa zamani walikuwa wakitaja "mita bendi". Mita hizo ndizo urefu wa wimbi. Mawimbi ya kati yana urefu wa mita mia kadhaa, hivyo hufuata ardhi na kupinda kwenye milima. Yale yaitwayo mafupi ni makumi ya mita. Hupanda angani, hugonga tabaka la juu sana, hurudi chini kama mpira. Yanaweza kuangukia hata bondeni.

Vituo vingi siku hizi hurusha kwa FM. Wimbi la FM lina urefu wa karibu mita tatu tu. Sauti yake ni safi, lakini kwake mlima ni lile jiwe kubwa. Mahali palipo wazi kama Irente hakuna shida. Nyuma ya mlima ni kimya. Mawimbi ya simu ya mkononi ni mafupi zaidi, chini ya nusu mita.

Kwa hiyo ndugu yangu wa bondeni, kabla ya kununua betri nyingine, panda na redio yako mpaka inaposema. Kikundi chenu kichague mtu wa kwenda kusikiliza hapo saa ya habari za hali ya hewa, aje awaambie wenzake. Na mahali simu inaposhika, waonyesheni watoto na wageni wakati wa mchana. Usiku mama akishikwa na uchungu, anayekwenda kuita gari asianze kupapasa njia kwenye ukungu.