Mkaratusi hauna makosa, wasee

Kila kisima kikikauka, mnaanza: "Mkaratusi umemaliza maji!" Hebu tulieni. Nani aliupanda kando ya mto? Mti haukutembea.

Mkoloni aliuleta Kenya uwe kuni za treni. Hadi leo kwetu ni kuni, nguzo za stima na majani ya kujifukiza. Basi.

Kwao Australia, Wayolngu wa Arnhem Land wanaujua vizuri. Kuna aina moja, Eucalyptus tetrodonta. Shina likiliwa ndani na mchwa, wanatengeneza yidaki, ile tarumbeta ndefu ya mbao. Gome wanalibandua msimu wa mvua, wanalipasha moto, wanalilaza chini ya mawe linyooke, kisha wanalichora.

Mwaka 1963 serikali ilikata ardhi yao ya Yirrkala iwape wachimba madini, bila kuwauliza. Wakabandika malalamiko yao kwenye magome hayo, wakayazungushia michoro, wakayapeleka bungeni Canberra. Mgodi haukuzuiwa, lakini magome yamehifadhiwa bungeni mpaka leo.

Na wewe unauita mti wa laana? Wenzako waliutumia kudai ardhi. Ng'oa ulio kwenye chemchemi, sawa kabisa. Lakini matusi mpelekee aliyeupanda hapo.