Rezo imekatika wapi?

Rezo ikikatika Goma, Bukavu, Butembo au Uvira, kila mmoja ana mtu wake wa kulaumu. Wengine wanasema ni kampuni ya simu inayotaka kula inite zetu. Wengine wanasema ni serikali, au ni wenye silaha. Mara nyingine wanasema kweli. Hatujasahau tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipofungwa kwa amri nchi nzima, ikarudi baada ya siku karibu ishirini.

Lakini kuna nyakati ambapo aliyekata hana ofisi wala bunduki. Januari 2020, Machi 2020 na tena Agosti 2023, aliyekata alikuwa mto wetu wenyewe, Kongo.

Habari hii inastahili kusimuliwa, maana wengi wetu tunafikiri intaneti inatoka angani, kwenye antena ile tunayoiona mlimani. Antena ni mlango tu. Nyuma yake kuna waya, na karibu mawasiliano yote kati ya bara na bara hupita katika kebo zilizolazwa chini ya bahari. Kebo hizo si kubwa. Kwenye kina kirefu unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Kebo inayoitwa WACS, inayotoka Afrika Kusini mpaka Uingereza, hutua kwetu Muanda, na ndiyo iliyoiunganisha nchi yetu na bahari mwaka 2013. Kabla ya hapo, nchi kubwa kama hii ilitegemea setilaiti na waya za majirani.

Mwisho wa 2019 mvua zilinyesha sana katika bonde la Kongo, mto ukafurika kuliko ulivyowahi kuonekana tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Nao mto haumalizikii pale Banana. Chini ya bahari kuna korongo refu linaloanzia ndani ya mdomo wa mto na kwenda mbali sana katika Atlantiki. Mchanga na matope hujikusanya juu ya korongo hilo, na katikati ya Januari 2020 rundo lile liliporomoka. Mkondo wa matope ulikimbia zaidi ya km 1,100 kwenye sakafu ya bahari. Ulianza na mwendo wa mita 5 hivi kwa sekunde, ukafikia mita 8 huko mbali, yaani karibu km 29 kwa saa. Kwenye barabara zetu nyingi pikipiki haifiki hapo. Watafiti waliokuwa na Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walikuwa wametega vyombo vya kupimia ndani ya korongo. Viling'olewa vikaibuka juu ya maji. Kebo mbili zilizopita pale, WACS na SAT-3, zilikatika. Mwezi wa Machi SAT-3 ikakatika tena, wakati ule ule korona ilipoanza kuwafungia watu nyumbani. Agosti 2023 zote mbili zilikatika kwa mara nyingine katika korongo hilo hilo.

Maji ya Ziwa Kivu hushuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, hutoka Kalemie kwa Lukuga, huingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo. Hatusemi kwamba ni udongo wa Bukavu uliokata kebo, maana maziwa hushika udongo mwingi njiani. Tunasema tu kwamba ramani ya mvua na ramani ya intaneti si ramani mbili.

Msomaji wa Goma atatuambia: hayo ni ya Kinshasa. Ni kweli. Sisi wa mashariki, sehemu kubwa ya intaneti yetu haiendi Muanda. Hutoka kupitia Rwanda au Uganda, ikashuka hadi Mombasa au Dar es Salaam, na pale ikaingia baharini. Basi tuangalie upande huo nao.

Tarehe 18 Februari 2024 meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Mabaharia waliiacha, ikaelea siku nyingi huku nanga yake ikiburuta sakafuni, na inaaminika kwamba nanga hiyo ndiyo iliyokata kebo tatu katika Bahari ya Shamu. Moja kati ya hizo ni Seacom, inayopita Mombasa na Dar es Salaam. Vita vilikuwa vinaendelea na ruhusa ya kufanya kazi katika maji ya Yemen ilikuwa ngumu kupatikana, kwa hiyo matengenezo yalichelewa kwa miezi. Makampuni yakageuza mizigo yao, badala ya kwenda Ulaya kwa kaskazini wakapitia kusini. Ikaenda vizuri mpaka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mlango wa kaskazini ulikuwa umebomoka, na wa kusini ukafungwa. Tanzania iliumia sana, hata ubalozi wa Marekani kule Dar es Salaam ukasimamisha huduma kwa watu kwa siku mbili. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziliona mtandao ukienda kwa kujikokota. Na jirani yako akikohoa, wewe unayepitisha maji yako kwenye bomba lake huwezi kulala.

Hapa ndipo tunataka kusimama kidogo. Watu wengi wenye uwezo hubeba simu yenye kadi mbili, za kampuni mbili, na hudhani wamejikinga. Ofisi nyingine hulipa makampuni mawili ya intaneti kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kampuni mbili zinaweza kukodi nafasi katika kebo moja, kupita mpaka mmoja, hata kutegemea nguzo zile zile kando ya barabara. Siku ya kukatika, zote mbili zinanyamaza pamoja, na wewe umelipa mara mbili kwa njia moja. Matangazo hutuambia mwendo: mega ngapi kwa sekunde, bei gani kwa mwezi. Swali ambalo hatuulizi ni hili: mnatokea wapi? Kwa maoni yetu hilo ndilo swali la kwanza, na mwendo uje nyuma yake. Mkurugenzi wa shule au wa hospitali anayetia sahihi mkataba ana haki ya kujibiwa kwa maandishi.

Si jambo la starehe. Tangu M23 ilipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango, na fedha nyingi za familia zikahamia katika simu. Mshahara wa mwalimu, dawa ya mama mjamzito, msaada wa mkimbizi aliyelala darasani, vyote husubiri ujumbe mfupi uonekane kwenye kioo. Huduma za aina ya M-Pesa au Airtel Money hazihitaji mega, mtu hubonyeza nyota na namba tu, na ndiyo maana wengi husema haziguswi na intaneti. Lakini ujumbe ule nao lazima ufike kwenye kompyuta ya kampuni iliyo mbali, isome salio, ijibu. Njia kati ya antena na kompyuta hiyo ikifa, fedha ipo na haipo. Ndiyo hiyo hali ya mtu aliyesimama mbele ya kibanda akiwa na dola hamsini ndani ya simu na njaa tumboni.

Wengine sasa wanaweka tumaini kwa Starlink. Serikali iliikataza mwanzoni mwa 2024, kisha Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ikaipa leseni. Tunaifurahia, hasa kwa vijiji ambavyo hakuna waya utakaofika hivi karibuni. Setilaiti zake haziogopi matope ya Kongo wala nanga ya Rubymar. Ila tarehe 24 Julai 2025 huduma hiyo ilianguka duniani kote kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Hakuna setilaiti iliyodondoka. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba programu za ndani zinazoendesha kiini cha mtandao wake ndizo zilizoshindwa. Mwaka mmoja kabla, tarehe 19 Julai 2024, faili moja yenye kosa kutoka CrowdStrike, kampuni ya kulinda kompyuta, iliangusha kompyuta kama milioni 8.5 za Windows. Ndege zilibaki chini na hospitali zikarudi kwenye karatasi, na hizo ni hospitali za nchi tajiri. Kwa hiyo hata ukikwepa bahari, bado kuna mkono wa mtu unaoandika programu, na mkono huo huchoka na kukosea.

Hatuna nia ya kuwarudisha watu kwenye barua za mkononi. Ripoti inayofika Bukavu kutoka Shabunda kwa dakika moja ni neema, ukikumbuka barabara yenyewe. Tunachopinga ni haraka ya kuhamisha kila kitu upande mmoja. Sisi wenyewe katika ofisi yetu tuliwahi kuweka orodha yote ya michango ya wakimbizi katika programu moja ya mtandaoni, tukatupa daftari. Siku nne rezo ilipokosekana tuligawa unga kwa kukumbuka sura za watu. Kuna mama aliyepewa mara mbili, na mwingine alirudi nyumbani mikono mitupu. Hatukuweza kumwonyesha mahali jina lake lilipokosekana.

Tangu siku ile mhazini wetu huchapa orodha kila Ijumaa, karatasi tano au sita, huziweka ndani ya sanduku la bati pamoja na kiasi kidogo cha franga kwa ajili ya wagonjwa. Simu ya parokia ina kadi mbili kama za wengine, lakini kwanza tuliwauliza mafundi wa kampuni zote mbili wanakotokea. Mmoja alijibu: Mombasa. Wa pili alikaa kimya kidogo, akasema atauliza wakubwa wake. Bado tunamsubiri.