Herufi Zilizomtoa Mpwa Wangu Jasho

Mwezi uliopita mpwa wangu alirudishiwa tasnifu yake chuoni, kurasa 84, kwa kosa la kutumia herufi zisizo na vikia. "Mjomba, kwani wanasahihisha mawazo au herufi?" akaniuliza, na pesa za kuchapisha upya hana.

Herufi alizotakiwa kutumia ni Times New Roman. Wengi wetu tunadhani zilizaliwa ndani ya kompyuta. La hasha! Mwaka 1929, Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype, alililaumu gazeti la The Times la London kwamba linapigwa chapa vibaya na herufi zake zimepitwa na wakati. Badala ya kumfukuza, wenyewe wakampa kazi ya kuwatafutia mpya. Aliyezichora kwa mkono ni Victor Lardent, msanii wa idara ya matangazo ya gazeti hilo. Zilianza kutumika Oktoba 3, 1932.

Safu za gazeti ni nyembamba, kwa hivyo herufi zilibanwa kidogo ili maneno mengi yaenee na bado yasomeke. Vile vikia, wapenzi wake husema, huliongoza jicho lisitoke kwenye mstari. Ajabu ni kwamba The Times lenyewe liliziacha mwaka 1972, vyuo vikabaki nazo.

Basi nikampa mpwa wangu pesa za kurasa 84. Herufi zilipobadilishwa, zikatoka kurasa 76 tu. Chenji bado naingoja.