Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Mhunzi Je?

Wengi wetu wa pwani tukisikia jina la Nyeri hukumbuka kahawa, chai na baridi. Ni wachache wanaojua kwamba huko nako kuna ufundi wa mapambo uliotoka kwenye moto na nyundo. Leo nataka kumzungumzia mhunzi wa milimani, kwa sababu yanayomfika yeye ndiyo yanayomfika sonara wetu, na tusipozinduka tutawapoteza wote wawili.

Yafaa ikumbukwe kwamba Wakikuyu walikuwa na wahunzi wao, wanaowaita aturi, zamani kabla ya reli. Mchanga wenye chuma ulioshwa mitoni, ukatiwa katika tanuri la makaa, na mivuo ya ngozi ya mbuzi ikapulizwa mpaka chuma kikapatikana. Humo zilitoka panga, mikuki na visu, lakini pia bangili, pete na mikufu myembamba. Mtoto alirithi kazi kwa babaye. Mhunzi aliheshimiwa, na laana yake ilihofiwa sana.

Bwana na Bibi Routledge, Waingereza waliokaa Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20, waliieleza kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910. Ajabu ni jina walilokipa: With a Prehistoric People, yaani kuishi na watu wa kabla ya historia! Mtu awezaye kuunganisha vijipete vya chuma kimoja kimoja mpaka vikawa mkufu, ana upungufu gani wa historia?

Sisi wa pwani tumo katika habari hii. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa ilipeleka bara shanga, nguo na nyaya, yale masango na udodi waliyoyajua babu zetu, ikarudi na pembe za ndovu. Nyaya hizo zilifika mpaka nchi za Mlima Kenya, zikageuka mapambo ya mikono na masikio. Kwa hiyo bangili ya Nyeri na forodha ya Mombasa ni jamaa wa siku nyingi.

Huko Endarasha, chini ya milima ya Nyandarua, penye mashamba ya viazi na kabichi, nilimwona fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Mageti na madirisha ndiyo yanayompa unga. Lakini kazi hizo zikiisha huyeyusha mabomba na makufuli mabovu ya shaba, akafua bangili na vipuli. Alinieleza kwamba bangili moja humchukua nusu siku, na wateja humwambia ile ya plastiki ni rahisi zaidi. Hata hivyo haachi. Shauku anayo, wala hahitaji mtu wa kumtia moyo. Anachokosa ni mnunuzi, na kijana wa kumrithisha mkono wake.

Sasa tutazame kwetu. Masonara wa mwambao walizoea kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, wakafua vikuku, mikufu na vikasha vya hirizi. Lamu zimejulikana pete za fedha zilizotiwa kipande cha sahani kongwe. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nasi tukafurahi. Lakini nyumba ya mawe hailindi nyundo ya sonara. Nyumba ikibomoka hujengwa upya kwa mawe na chokaa. Mkono wa fundi ukifa bila mwanafunzi, haujengwi tena.

Wala dini yetu haikuidharau kazi hii. Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma akafua deraya, na Mtume wetu (S.A.W.) alivaa pete ya fedha. Vipi basi kijana wetu aone haya kukaa mbele ya tanuri?

Nasema hivi: vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo tangu mwaka 2013 viko chini ya serikali za kaunti, vimwite mhunzi na sonara wafundishe pamoja na walimu wa kuchomelea. Wazee wa masonara wasifiche siri za kazi mpaka wakaenda nazo kaburini. Nasi wanunuzi tuache kulinganisha kazi ya nusu siku na kitu kilichomwagwa na mashine kwa maelfu. Bibi harusi akipambwa, hata kama mengine yote yametoka Dubai, basi kikuku kimoja kitoke kwa fundi tunayemjua kwa jina na mtaa wake.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu bado upo, Lamu na Endarasha. Tuukalie ungali mzima.