Risala ya Wafugaji na Watumiaji wa Maji kwa Mgeni Rasmi: Klorini Peke Yake Haitoshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na watumiaji wa maji wa kijiji hiki cha mlimani tunakukaribisha kwa heshima. Msingi wa tangi unalolizindua leo tumeuchimba kwa mikono yetu, na mama zetu hawatashuka tena korongoni na ndoo alfajiri. Kwa hilo tunaishukuru Serikali. Hata hivyo, maji yanayoingia humo yanatoka mtoni moja kwa moja, yanatiwa klorini, kisha yanafika bombani bila kuchujwa. Hilo ndilo linalotusimamisha mbele yako.

Mheshimiwa, ndama wetu wengi huharisha wakiwa na umri wa wiki moja hadi tatu. Kimelea kimojawapo kinachowaharisha ni kriptosporidiamu. Ndama mmoja mgonjwa aweza kutoa mabilioni ya oosisti kwa siku, yaani chembe zenye ganda gumu zinazobeba vimelea, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Zinatoka zikiwa tayari kuambukiza, na makumi machache tu yanatosha kumwangusha mtu. Masika yanapofika, samadi tuliyoitandaza migombani husombwa hadi mtoni. Klorini ya kiasi kinachofaa kwa maji ya kunywa haiwezi kulivunja ganda hilo. Mwaka 1993 jiji la Milwaukee, Marekani, lilikuwa na mitambo na wataalamu wake, na maji yake yalitiwa klorini. Uchujaji ulipolegea katika mtambo mmoja, watu wapatao 400,000 waliugua. Sisi hatuna hata chujio la kulegea.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia zikiwemo Kenya na Msumbiji, ulionyesha kwamba kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, kimelea hiki kilikuwa cha pili baada ya virusi vya rota katika kusababisha kuhara kukali. Hapa kwetu mama anampeleka mtoto zahanati akiwa na wiki ya pili ya kuharisha. Choo kinapimwa kutafuta amiba na minyoo. Mama anapewa metronidazoli, dawa isiyokitibu kimelea hiki, kisha anaambiwa ni mchafu, hachemshi maji. Maneno hayo yanatuuma, Mheshimiwa. Rangi inayotumika kupaka makohozi ya kifua kikuu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuonyesha oosisti kwenye choo, kwa hadubini ya kawaida. Kinachokosekana ni mafunzo na agizo. Wenzetu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, kuhara huku kunaweza kuwamaliza.

Kuchemsha tunakujua. Maji yakitokota dakika moja, na huku juu sana mlimani dakika tatu, oosisti zinakufa. Lakini kuni za msituni tumekatazwa, gesi ina bei, na mtoto wa shule hunywa palepale bombani.

Jambo la pili ni faini. Kila mlipuko wa kuhara unapotokea, wafugaji ndio wanaoitwa ofisini na kutozwa faini. Hatukatai: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na wapo kati yetu wenye mabanda ndani ya mita hizo. Ila kimelea hiki kina aina inayotoka kwa binadamu pia, na vyoo vya mashimo vilivyo juu ya mto hakuna aliyekuja kuvikagua. Afisa mifugo na afisa afya wanapita njia moja, wala hawajawahi kukaa meza moja na sisi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunadai chujio la mchanga, lile linalopitisha maji polepole, lijengwe kabla ya tangi hili kufikisha masika yajayo. Halihitaji umeme, na hunasa sehemu kubwa sana ya oosisti. Mawe, mchanga na nguvukazi tutatoa sisi. Tunachoomba ni mhandisi, saruji na fundi wa kutufundisha kulisafisha. Klorini ibaki, kwa kuwa inaua vijidudu vingine. Wahudumu wa maabara wafundishwe kupima kriptosporidiamu, na dawa ya nitazoksanidi, ambayo Marekani iliidhinisha kwa watoto mwaka 2002, ifike angalau hospitali ya wilaya. Mabanda yaliyo karibu na mto yahamishwe kwa msaada na kwa muda wa kutosha, na vyoo vikaguliwe siku hiyo hiyo. Afisa mifugo atufundishe kumnywesha ndama dang'a mapema, kumtenga anayeharisha na kuifukia samadi yake mbali na maji. Faini zisimamishwe hadi hapo.

Tunaomba majibu ya maandishi, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji ujao mbele ya wananchi wote.

Tunaomba kuwasilisha.