Viongozi wa ushirika wabebe dhamana yao

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotukera wananchi wengi wa mashamba. Jambo lenyewe ni dhamana ya viongozi wa vyama vya ushirika na ya makampuni yanayojitangaza kuwa yameundwa kwa manufaa ya jamii.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Kizimbani. Wengi wetu hapa tunategemea mdalasini, pilipili manga, vanila, karafuu na wageni wanaokuja kutembezwa mashambani. Kwa kuwa mwalimu hudhaniwa kuwa anajua hesabu, wazee na kina mama huniletea madaftari ya vikundi vyao niwasomee. Hivi karibuni kina mama wa ushirika mmoja waliniletea daftari linaloonyesha fedha zimeingia mwaka mzima, lakini za kutoka hazina stakabadhi hata moja. Walipomwuliza mwenyekiti wao, walijibiwa kuwa chama kimepata hasara, na hasara ya chama si ya mtu.

Ndugu Mhariri, jibu hilo nusu yake ni kweli na nusu ni hadaa. Chama kikishasajiliwa huwa ni mtu mbele ya sheria. Kina mali yake na madeni yake, kinaweza kushitaki na kushitakiwa. Bei ikianguka au mvua ikiharibu mazao, hakuna mwenye haki ya kwenda kumwuzia katibu ng'ombe wake. Kinga hiyo ni njema, maana bila hiyo hakuna mnyonge ambaye angethubutu kushika uongozi. Lakini kinga ya hasara ya biashara si ruhusa ya kula amana.

Kiongozi anadaiwa mambo matatu. La kwanza ni uaminifu: asichanganye mfuko wa chama na mfuko wake, wala asijiuzie mwenyewe mali ya chama. La pili ni uangalifu: asitie saini asichokisoma. La tatu ni kutoa hesabu kwa wenye mali. Akivunja haya, kosa ni lake mwenyewe wala si la chama. Wenzetu wa Kenya wameliandika wazi jambo hili. Kifungu cha 73 cha Sheria yao ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 kinampa Kamishna uwezo wa kumwamuru kiongozi aliyetumia vibaya fedha za chama azirudishe kutoka mfukoni mwake, pamoja na riba.

Tusisahau yaliyotokea Bara. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume maalum kuchunguza malalamiko juu ya vyama vya ushirika. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Sisemi kuwa ubadhirifu peke yake ndio uliovivunja, kwani siasa ya vijiji nayo ilikuwamo. Ninachosema ni kwamba ushirika usiowawajibisha viongozi wake hukosa watetezi siku unapovunjwa, na anayeumia ni mkulima.

Wapo wanaotushauri kuwa ushirika umepitwa na wakati, na kwamba bora tuyaachie kazi hiyo makampuni ya manufaa kama ya Marekani. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza huko kupitisha sheria ya namna hiyo, mwaka 2010. Wakurugenzi wa makampuni hayo wanatakiwa wasiangalie faida ya wenye hisa tu, bali wafikirie pia wafanyakazi, jamii na mazingira. Nia ni nzuri. Lakini tuulize: wakurugenzi wasipotimiza, nani ana haki ya kuwashitaki? Kwa kawaida sheria hizo zinawapa haki hiyo wenye hisa na kampuni yenyewe. Mwanakijiji anayetajwa kuwa ndiye mfaidika hana mlango wa kuingilia. Tena mara nyingi mkurugenzi halipi fidia kwa sababu tu manufaa yaliyoahidiwa hayakupatikana.

Hapo ndipo ushirika unapowashinda. Mwanachama ndiye mwenye mali, ndiye mfaidika, na ndiye mwenye haki ya kuuliza. Haki hiyo tukiacha kuitumia, tutakuwa hatuna tofauti na yule anayesubiri hisani ya kampuni.

Kwa hiyo napendekeza haya. Fedha za kila chama zitolewe benki kwa saini zisizopungua mbili. Hesabu zisomwe hadharani kila miezi mitatu, kwa Kiswahili chepesi, mbele ya wanachama wote. Na ofisi ya Mrajis wa Vyama vya Ushirika itume maofisa wake katika shehia wakawaeleze wananchi haki zao, na wapi pa kupeleka malalamiko, maana sheria inayokaa kabatini haimsaidii mkulima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kina mama wale daftari wanalo, na habari wanayo. Kilichobaki ni mwenye dhamana kuitwa ajibu.

Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Kizimbani, Unguja.