CHAMBAVU HUUA NDAMA WALIONONA



Jioni ndama wako alirudi zizini akiwa mzima. Asubuhi anachechemea. Kesho yake amekufa. Watu husema ameumwa na nyoka. Wengine husema amerogwa. Mara nyingi sivyo. Ndama huyo ameuawa na ugonjwa wa chambavu.

Chambavu ni nini?

Chambavu ni ugonjwa wa misuli, yaani nyama ya mapaja, mabega, shingo na mgongo. Huletwa na vijidudu vinavyokaa ardhini. Vijidudu hivi hujifunika kwa ganda gumu, vikaweza kuishi miaka mingi. Jua haliviui, wala ukame. Ng'ombe huvila pamoja na majani. Vikiingia mwilini vinaweza kulala kimya. Mnyama akigongwa au akipigwa, nyama yake huvilia damu. Hapo vijidudu huamka na kuozesha nyama angali hai.

Ugonjwa huu huwapata hasa ng'ombe wa miezi 6 hadi miaka 2. Tena huchagua walionona. Kondoo nao huupata, mara nyingi kwa njia ya vidonda. Huzuka zaidi wakati wa mvua.

Dalili zake

Mnyama ana homa, hali, hacheui, tena anachechemea. Mtazame paja na bega. Ukiona uvimbe, uguse kwa mkono. Mwanzoni uvimbe ni wa moto na mnyama huumia ukimgusa. Baadaye uvimbe hupoa, naye hasikii maumivu. Ukiubonyeza utasikia mchakacho kama wa majani makavu. Hiyo ni hewa iliyo chini ya ngozi. Mnyama hufa kwa saa 12 hadi 48.

Ufanye nini?

Mwite Bwana Mifugo saa hiyo hiyo. Usingoje kesho. Dawa ni sindano ya penisilini, naye ndiye atakayepima kiasi chake. Sindano husaidia uvimbe ukiwa bado wa moto. Ukishapoa, nyama ya pale imekwisha kufa. Damu haifiki tena, na dawa nayo haifiki. Usipasue uvimbe kwa kisu. Utamwaga vijidudu zizini mwako.

Akifa, usimchune

Utasema: "Ndama huyu ni mali. Nitamzikaje na nyama yake yote?" Sikiliza, ndugu. Ugonjwa wa kimeta nao huua ng'ombe ghafla, na kimeta huua watu. Kwa macho tu huwezi kuwa na hakika ni upi kati ya hiyo miwili. Ukiona damu nyeusi inatoka puani, mdomoni au nyuma, ogopa zaidi. Usimchune, usile nyama yake, usiwape mbwa. Mwache Bwana Mifugo aamue kama atachukua kipimo cha kupeleka maabara. Kisha mchome moto, au mzike palepale katika shimo la mita 2, mbali na kisima na mto. Shimo lizungushie miiba.

Kinga yake

Sindano ya kuponya mara nyingi huchelewa. Sindano ya kukinga haichelewi, ukiitaka mapema. Chanja ndama akifika miezi 6, kisha rudia kila mwaka. Fanya hivyo kabla ya mvua, maana chanjo huhitaji wiki 2 hivi ili mwili upate nguvu. Iko pia chanjo moja inayokinga chambavu na kimeta pamoja. Muulize Bwana Mifugo wako.

Chupa moja ya chanjo hutosha ng'ombe wengi, na ikishafunguliwa haiwekwi. Kwa hiyo kaeni pamoja kijijini. Hesabuni ndama, changeni fedha, pangeni siku moja. Bei ya kuchanja zizi zima ni ndogo kuliko bei ya ndama mmoja aliyezikwa.